Punda Afe, Mzigo Ufike: Mzigo Huo Ni wa Nani?

(Haya ni maandishi ya mada iliyotolewa mjini Lamu, baada ya swala ya Alasiri, katika mihadhara ya Ramadhani ya jumuiya yetu. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa.)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana wenzangu. Nilipoambiwa nichague mada, wenzangu walitarajia nitachukua mojawapo ya zile za kila mwaka: fadhila za kumi la mwisho, vijana na mihadarati, adabu za mavazi. Ni mada nzuri zote, na wako wanaozijua kunishinda. Mimi nimechagua punda. Naona kule nyuma mwacheka. Chekeni tu, saumu haivunjiki kwa kucheka.

Nataka kuzungumza juu ya punda, na paka, na hata mbwa, na juu ya zile nyumba chache zinazowatibu na kuwapa hifadhi, na ni nani anayezilisha nyumba hizo. Sitazungumza sana. Najua saa hizi koo ni kavu na kina mama wana sufuria zinawangoja.

Hebu kwanza tuiangalie lugha yetu. Mtu akifanya kazi nyingi bila kushukuriwa husema "nafanya kazi ya punda." Kodi ikizidi, wananchi husema "punda amechoka." Ugonjwa ule mbaya unaoingia kwa kidonda, ule wa kukakamaa mwili, tumeuita pepopunda, na kweli punda mwenyewe ni katika wanyama wanaougua sana ugonjwa huo. Mtu asiye na fadhila twamwambia shukrani ya punda ni mateke. Na iko hii nyingine, ambayo nadhani hapa hakuna asiyeijua: punda afe, mzigo wa bwana ufike.

Mimi methali hii nimeisikia tangu utotoni na sikuwahi kuona mtu akiuliza huyo bwana ni nani. Twadhani ni yule kijana anayemfuata punda na fimbo. La. Yule kijana hana mzigo. Mzigo si wake. Mzigo ni wa mwenye kujenga nyumba, mwenye duka aliyeagiza unga na sukari ya Ramadhani, mama aliyenunua maji. Bwana wa methali ile ni mimi na wewe.

Nyinyi ni watu wa Lamu, sitawaeleza mji wenu. Lakini makala haya yatasomwa Mombasa, Malindi, Garissa na Nairobi, basi wanivumilie wenyeji. Mji wetu una vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hugeuka upande. Gari haliingii. Pikipiki zimekuja kisiwani miaka hii, lakini kule ndani ya mitaa, kwenye ngazi na pembe za kuta, kazi bado ni ya punda. Mawe ya kujengea huchongwa Maweni, ng'ambo kule Manda, huvushwa kwa mashua na kushushwa ufukoni. Kutoka pale hadi kwenye msingi wa nyumba, jiwe moja moja limepita juu ya mgongo wa punda. Mchanga vivyo hivyo. Boriti vivyo hivyo. Mwaka 2001 UNESCO iliuweka Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia, na wageni huja kupiga picha milango na kuta. Kuta hizo zilibebwa na nani?

Sasa fanyeni hesabu ndogo. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Miwili ni kilo 100. Fundi yuko juu anangoja, zege litakauka, mwenye nyumba amesimama amekunja mikono. Kijana ataka kupakia miwili. Mwenye nyumba asema, ongeza wa tatu, ufanye safari chache, sitaki kukulipa mara nne. Kijana akikataa, yuko mwenzake nyuma atakayekubali. Basi mfuko wa tatu wapanda. Shogi labisha pale pale kwenye kidonda cha jana. Punda hapigi kelele. Hili madaktari wa mifugo hulisema sana: punda si kama mbwa wa kulia akiumia. Maumbile yake ni kuficha maumivu, akasimama kimya na masikio yameanguka, na watu wakasema "huyu hana neno, ni mvivu tu."

Ndipo inapokuja ile kliniki.

Bibi mmoja Mwingereza, Elisabeth Svendsen, aliyeanzisha shirika la kuwatunza punda huko kwao mwaka 1969, alikuja Lamu katika miaka ya 80 akaona hali ya punda wetu. Mwaka 1987 shirika lake likafungua kituo cha punda hapa kisiwani. Wengi wenu hapa mmezaliwa mkakikuta. Kimekuwa kikitibu vidonda, kikatoa dawa za minyoo, kikatazama kwato na meno, kikalaza wagonjwa, kikawahifadhi wazee wasioweza kazi tena, na mwenye punda hatozwi kitu. Na yale mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri, ambayo watoto huyapenda kuliko hata mpira, yalitokana na kazi hiyo. Bi Svendsen mwenyewe alifariki mwaka 2011.

Je, pesa zatoka wapi? Hapa ndipo nataka tusikilizane. Shirika lile la Uingereza sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na wasia. Yaani bibi kizee mmoja huko, pengine hajapata kuiona Afrika maisha yake, huandika kwamba akifa, sehemu fulani ya mali yake wapewe punda. Akifa, pesa zile zasafiri, zaja kuosha kidonda cha punda wa Lamu, kidonda kilichochimbwa na saruji ya nyumba yangu.

Sisi ndio watu wa wasia! Sisi ndio tuliosomeshwa madrasa, tukahifadhi kwamba mtu ana theluthi ya mali yake ya kuusia kwa kheri asiowarithisha. Sisi ndio tuliosomeshwa wakfu na sadakatul jaariya. Wangapi katika mji huu wamewahi kuusia ndoo ya maji kwa ajili ya mnyama? Simlaumu mtu. Nauliza tu, na jibu kila mmoja analijua.

Wako wasemao: ile ni kazi ya wazungu, wao wapenda wanyama, sisi twapenda watu. Maneno haya nimeyasikia barazani, na wallahi yananishangaza, kwa sababu msemaji huwa ametoka msikitini. Katika Suratul An'aam, aya ya 38, Mwenyezi Mungu ametufahamisha kwamba wanyama watambaao na ndege warukao ni umma mfano wetu sisi. Na ziko hadithi tulizosoma sote. Nitataja mbili tu, kwa maneno yangu mwenyewe, mtaziangalia vitabuni.

Ya kwanza ameipokea Abdullahi bin Jaafar (R.A), na iko katika Sunan Abi Daud. Mtume (S.A.W) aliingia katika bustani ya mtu wa Ansari, akamkuta ngamia. Yule ngamia alipomuona akaguna na machozi yakamtoka. Mtume akamwendea, akampangusa mpaka akatulia, kisha akauliza mwenye ngamia ni nani. Akajitokeza kijana. Nataka mlishike hilo vijana wenzangu: mwenye ngamia alikuwa kijana. Mtume akamkanya amche Mwenyezi Mungu kwa mnyama aliyemilikishwa, kwani ngamia yule alikuwa ameshtaki kwamba anawekwa na njaa na kuchoshwa na kazi. Hapa ngamia ndiye mshitaki na kijana ndiye mshitakiwa. Kesi ikasikilizwa.

Ya pili ni ya Anas bin Malik (R.A), nayo pia iko kwa Abu Daud. Asema kwamba maswahaba wakiwa safarini, wakifika mahali pa kupumzika, walikuwa hawaanzi swala zao za sunna mpaka kwanza wawe wameishusha mizigo migongoni mwa wanyama. Sasa piteni mtaani wakati wa Adhuhuri. Nje ya msikiti mara ngapi mmemuona punda amesimama juani na mzigo wake mgongoni, bwana wake yuko ndani amesoma takbira ya kwanza, ameswali faradhi, ameswali sunna, amekaa kuvuta uradi? Uradi ni mzuri. Lakini maswahaba walitanguliza nini?

Na wanavyuoni wetu hawakuliacha hili likae kwenye mawaidha tu. Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 1262 wa miladi, ameziandika haki za wanyama juu ya wenye kuwamiliki. Katika hizo ni kwamba mnyama alishwe hata akizeeka au akiugua mpaka asiwe na manufaa tena, na asitwishwe asichokiweza. Haya yaliandikwa karne nyingi kabla ya Uingereza kuwa na chama chochote cha wanyama. Kwa hivyo anayesema ni kazi ya wazungu, yeye ndiye aliyewaachia.

Turudi kwenye kliniki, maana kuna jambo ambalo kliniki haiwezi kulitibu.

Kijana ampeleka punda wake ana kidonda mgongoni. Daktari aosha, apaka dawa, apiga sindano. Kisha asema: mpumzishe huyu punda wiki mbili, asibebe kitu mpaka pafunge. Dawa ni bure. Lakini wiki mbili si bure! Kijana huyu ana mke, ana mama, ana watoto wawili watatu. Anakula alichokipata leo. Siku akipumzika punda, mkebe wa unga pia wapumzika. Basi afanyeje? Amtia tambara juu ya kidonda, alaza shogi juu yake, na kesho asubuhi yuko ufukoni. Wiki ya tatu arudi kliniki na kidonda kimekuwa shimo. Watu humuita mkatili. Wako wakatili, sikatai, wa kupiga punda kwa chuma, na hao sheria inawahusu. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, tangu mwanzoni mwa miaka ya 60, na kumtwika mnyama kupita kiasi ni kosa ndani yake. Lakini wengi si wakatili. Ni maskini, na punda ni maskini wa maskini.

Ndio maana nasema kusaidia nyumba hizi si kutia pesa katika sanduku tu ukaenda zako. Kinachokosekana hapa ni siku za kupumzika. Nimelizungumza na baadhi ya wachukuzi na na wenzangu wa jumuiya, na pendekezo letu ni hili. Tuwe na mfuko mdogo. Daktari akiandika kwamba punda fulani apumzike siku 10 au 14, mwenyewe alete ile karatasi kwa watu wawili waaminifu tutakaowachagua, na mfuko umpe kiasi cha kumfanya asilale njaa siku hizo. Si mshahara kamili, hatuna uwezo huo. Ni futari na daku ya nyumba yake. Sharti ni moja tu: punda abaki pale kliniki, asionekane ufukoni. Tukiweza kuwapumzisha punda watatu kwa mwezi, tumeanza.

Na pesa? Nyumba 200 zikitoa shilingi 20 kwa wiki, hizo ni shilingi 4,000 kwa wiki, yaani 16,000 kwa wiki nne. Shilingi 20, jamani. Katika mwezi huu mtu hununua soda akaionja akaiacha mezani.

Hapa yako maswali mawili ambayo najua yatakuja, afadhali niyatangulie. La kwanza ni zaka. Zaka ina watu wake, mafungu manane yametajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, na punda hayumo. Kwa hivyo pesa ya dawa na chakula cha mnyama ni sadaka, si zaka. Msichanganye. Ama yule mwenye punda aliye fakiri, yeye ni binadamu na hali yake ni ya kuulizwa masheikh kama hali ya fakiri mwengine yeyote. Mimi ni mwanafunzi, sitoi fatwa.

La pili ni lile la "watu wana njaa nanyi mwaleta habari za punda." Ndugu yangu, punda huyu akifa Jumatatu, Jumanne kuna nyumba moja zaidi ya kupelekewa chakula. Kina mama wanaochota maji mbali, huko bara kwenye ukame, punda wao akifa, madumu yahamia migongoni mwao. Anayemtibu punda analisha watu, ila njia yake yapitia kwa mnyama.

Tena miaka hii kumpata punda mwengine si rahisi kama zamani. Kuanzia mwaka 2016 palifunguliwa hapa Kenya machinjio manne ya punda, Naivasha, Mogotio, Lodwar na Machakos. Ngozi zilitakiwa China, huchemshwa kutengeneza aina ya gundi inayotumika kama dawa. Nyama nayo ilisafirishwa, na nyama ya punda wa kufugwa mwajua hukumu yake tangu siku ya Khaybar. Taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo na mifugo ilihesabu kwamba kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 punda zaidi ya 300,000 walichinjwa. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima kwa mtoto mmoja tu. Vipi watawahi? Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya 1,800,000 nchini, ile ya 2019 ikakuta karibu 1,200,000. Bei ikapanda, wezi wakaingia usiku, watu wakaamka asubuhi wakakuta kamba imekatwa. Februari 2020 serikali ikapiga marufuku uchinjaji ule. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo. Februari 2024 marais wa Umoja wa Afrika wakakubaliana huko Addis Ababa kuizuia biashara ya ngozi ya punda katika bara zima. Yaani mnyama tuliyemfanya tusi la mtaani, marais wameketi kumzungumzia.

Maana yake kwa kijana wetu ni kwamba akimuua punda wake kwa mizigo, huenda asipate wa pili. Kwa hivyo hata asiye na huruma, kwa hesabu tu, kliniki ile ni mali yake.

Sasa, si punda peke yake. Mimi nasoma Nairobi, na kule kuna chama kinachoitwa KSPCA, chama cha Kenya cha kuwakinga na kuwatunza wanyama, kina makao yake upande wa Karen. Huchukua mbwa na paka waliotupwa, waliogongwa na magari, waliofungwa mnyororo wakasahauliwa. Huwatibu, huwachanja, huwatafutia watu wa kuwachukua. Wanafunzi wenzangu wasio Waislamu huenda kujitolea Jumamosi, kuosha vibanda na kubeba maji. Waislamu ni wachache, na sababu nikiuliza ni moja: mbwa ni najisi.

Kweli, katika madhehebu yetu mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya tohara. Yakwambia uoshe vipi. Haikukwambia umpige mawe. Na yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, akasamehewa madhambi yake, habari yake iko katika Bukhari na Muslim. Mtu yule mwenyewe alikuwa ametoka kuona kiu, ndiyo iliyomjulisha kiu ya mbwa. Nasi hapa saa hii, Alasiri ya Ramadhani, nadhani hatuhitaji kuelezwa kiu. Asiyetaka kumgusa mbwa, na awabebee maji, au alipe chanjo. Chanjo ile ni ya watoto wetu pia. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, kwa kawaida huwa ni kifo. Shirika la Afya Duniani lasema visa 99 katika kila 100 vya ugonjwa huu kwa wanadamu hutokana na mbwa, na wanne katika kila kumi ya wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 15. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100 ugonjwa hukatika. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wake. Hauwezi kumalizwa kwa kurusha mawe.

Paka wetu wa Lamu sina haja ya kuwasifu, wageni wamewasifu kutosha. Lakini wamezidi, na wengi ni wagonjwa macho na ngozi. Suala la kuwahasi lina maneno. Vitabu vya madhehebu yetu vimekataza kumhasi mnyama asiyeliwa, na wako wanavyuoni wa zama hizi walioruhusu paka wakizidi na kudhuru, ikiwa operesheni haitamtesa. Waulizeni masheikh wetu, na watoe jawabu lililo wazi, kwa sababu kunyamaza nako kuna matokeo: paka hutiwa sumu usiku, na hilo hakuna aliyeliruhusu.

Wavuvi nao nisiwasahau. Kule Watamu, tangu miaka ya 90 mwishoni, kuna watu wanaowaokoa kasa. Mvuvi akimkuta kasa amenasa kwenye wavu hupiga simu, hupewa kifuta jasho kidogo, kasa akatibiwa au akarudishwa baharini. Wameona lile lile nililolisema la wachukuzi: huwezi kumuomba mtu maskini amuachilie mnyama kwa hasara yake peke yake.

Basi kwa Ramadhani hii, na haya yanaweza kuanza leo. Kwanza ni taka. Punda wetu hufunguliwa usiku wakajitafutia, na mwezi huu majalala ni karamu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini karatasi za nailoni bado ziko, na punda akimeza ile yenye mafuta ya sambusa tumbo lamsokota mpaka afe. Maganda ya maembe na ya ndizi yawekeni mbali na nailoni. Ni jambo la dakika moja, na watoto waweza kupewa kazi hiyo. Pili, maji. Punda mzima hunywa lita 10 mpaka 25 kwa siku. Kila mtaa uweke beseni moja au nusu pipa, lioshwe kila asubuhi. Bibi yangu alikuwa akiweka beseni barazani na hakuna mtu aliyemwambia ni mzungu.

Tatu ndiyo ngumu, na ndiyo yetu sisi mabwana. Ukimkodi mchukuzi, taja mizigo miwili, si mitatu, na ulipe safari ya ziada. Ukimuona punda ana kidonda chini ya shogi, mwambie kijana: huyu mpeleke kliniki, niitie mwenzako, na wewe njoo nikupe cha futari. Usimwambie tu ampeleke kliniki ukaingia ndani. Na walio na maduka, nawaomba hasa nyinyi, maana mizigo ya kumi hili la mwisho ni yenu: mzigo ukichelewa mpaka baada ya Alasiri, sukari haiozi.

Sanduku liko pale mlangoni, limeandikwa SADAKA YA WANYAMA, na ufunguo uko kwa mzee wetu wa kamati, si kwangu. Wachukuzi wanaotaka kujiandikisha kwa mfuko wa mapumziko wamuone katibu baada ya tarawehe, waje na karatasi ya daktari. Na wale vijana wanne wa kuosha mabeseni, bado nimepata wawili tu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.